Jina jipya la Marekani, kihamba cha Moshi: hati ipi inathibitisha kwamba ni wewe yuleyule

Mtu aliyezaliwa Marangu, akasoma Moshi, kisha akahamia Marekani na kuwa raia wa huko, anaweza kurudi nyumbani akiwa na jina ambalo ukoo haulijui. Mkononi ana cheti cha uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba na kupewa, chenye picha yake na muhuri wa serikali. Nyumbani, muhtasari wa kikao cha ukoo kuhusu kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, umemtaja kwa jina la ubatizo, la baba na la ukoo. Akaunti yake ya benki nayo iko kwa jina lile la zamani, sawa na michango yake ya NSSF ya miaka aliyofanya kazi hotelini Arusha. Karani wa ofisi anaweka mezani cheti cha uraia na hati ya jina la zamani, na kuuliza kama wenye hati hizo ni mtu mmoja.

Cheti cha uraia hakimjibu karani huyo. Kwa kawaida kinaandikwa jina jipya pekee, bila neno lolote kuhusu jina la awali. Kinathibitisha kwamba mwenye jina hilo ni raia wa Marekani, basi. Ushahidi wa kubadili jina ni hati nyingine kabisa, na mara nyingi iko katika ofisi nyingine kabisa.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, USCIS, haina mamlaka ya kubadili jina la mtu. Jina hubadilishwa na mahakama. Kwa hiyo anayeiandikia USCIS akiomba "uthibitisho wa jina" anabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hakai. Kabla ya kuandika barua yoyote, jiulize kwanza: ni nani hasa aliyelibadili jina langu?

Majina yetu na fomu zao

Sababu ya watu wa huku kubadili majina mara nyingi si mapenzi ya jina jipya. Mtanzania hutambulika kwa majina matatu: lake, la baba, na la babu au la ukoo. Fomu za Marekani zinataka jina la kwanza, la kati na la mwisho, na la mwisho ndilo linaloshikwa kila mahali, kuanzia mshahara mpaka leseni ya udereva. Ikitokea kwamba mtu hakutumia jina la ukoo kwenye pasipoti yake ya Tanzania, jina la baba ndilo litakalokuwa la mwisho kwenye viza, kisha kwenye grini kadi, kisha kila mahali. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akitumia Swai na mwingine jina la baba, wanaonekana huko kama watu wasiohusiana. Siku ya kuomba uraia, mmoja anaona hii ndiyo nafasi ya kurekebisha.

Wapo pia walioingia na jina moja tu kwenye pasipoti. Viza zao hujazwa herufi FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, na watu huishi miaka wakiitwa "Fnu" hospitalini na shuleni kwa watoto. Wengi wao hubadili jina wanapopata uraia, na ndio wanaopata shida kubwa zaidi baadaye, kwa kuwa kati ya cheti cha kuzaliwa, grini kadi na cheti cha uraia hakuna hati mbili zinazofanana.

Njia nne, hati nne

Jina lililo kwenye cheti chako cha uraia lilifika hapo kwa njia moja kati ya nne.

Njia ya kwanza ni mahakama iliyokuapisha. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama unataka kubadili jina kisheria. Ukikubali, siku ya usaili ofisa anakupa karatasi nyingine utie saini, fomu N-662, ambayo ni ombi kwa mahakama. Ombi hilo hupelekwa kwa jaji, naye hulikubali katika sherehe ya kiapo inayoendeshwa na mahakama. Jina hubadilika hapo, na cheti hutolewa kwa jina jipya.

Njia ya pili ni ndoa au talaka. Aliyechukua jina la mume hahitaji amri ya jaji. USCIS inalipokea jina hilo kwa cheti cha ndoa, au kwa hukumu ya talaka inayomrudishia jina la awali. Ushahidi wake ni cheti hicho cha ndoa au hukumu hiyo, na hakuna mahakama ya uraia inayohusika. Kina mama waliofunga ndoa Kilimanjaro kabla ya kuondoka tayari wana ushahidi huo huku nyumbani: cheti cha ndoa cha Tanzania.

Ya tatu ni mahakama ya jimbo. Mtu alikwenda kwenye mahakama ya kaunti yake, kabla au baada ya uraia, akapata amri ya kubadili jina kama Mmarekani mwingine yeyote. Hati iko kwa karani wa mahakama hiyo.

Ya nne ndiyo inayosumbua. Jina halikubadilishwa na yeyote. Lilisahihishwa tu kwenye faili: herufi iliyokosewa kwenye viza ikarekebishwa, au mpangilio wa majina ukageuzwa ili ulingane na cheti cha kuzaliwa. Hapa hakuna amri ya jaji kwa sababu hakuna jaji aliyeombwa. Mtu anaweza kuitafuta hati hiyo miaka miwili bila kuipata, na tatizo si kwamba imepotea. Dawa yake ni kiapo cha majina, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia mbele ya wakili, si kile kiapo cha uraia; tutakifikia.

Soma cheti chako

Ili kujua uko kwenye njia ipi, tazama mwili wa cheti, sehemu inayosema kiapo kilifanyika wapi. Vyeti vya sasa vinataja nani aliendesha sherehe, mji, jimbo na tarehe. Ikiwa imetajwa USCIS yenyewe, sherehe ilikuwa ya kiutawala, na katika sherehe ya namna hiyo hakuna jina linaloweza kubadilishwa na mahakama. Likitajwa jina la mahakama, kwa kawaida mahakama ya shirikisho ya wilaya fulani, hapo ndipo pa kuandika. Wakati mwingine inayotajwa ni mahakama ya jimbo, kwa maana sheria yao inaziruhusu baadhi ya mahakama za majimbo kuapisha raia. Wengi huruka mstari huo, wakaandikia mahakama ya shirikisho ya mji waliokuwa wakiishi, wakajibiwa kwamba hawapo kwenye kumbukumbu.

Tarehe nayo ina maana. Mpaka mwishoni mwa Septemba 1991, uraia wa tajnisi ulitolewa na mahakama pekee. Kuanzia 1 Oktoba 1991, kwa sheria iliyopitishwa 1990, mamlaka yalihamia serikalini, na mahakama zikabaki na kazi ya kuapisha na kubadili majina. Aliyeapa miaka ya 1970 au 1980, kama wengi waliokwenda kusoma wakati ule wakabaki, jina lake lilibadilishwa ndani ya jalada lenyewe la maombi ya uraia mahakamani, na majalada mengi ya zamani yameshahamishiwa Nyaraka za Taifa za Marekani. Karani wa mahakama ndiye atakayekwambia kama bado analo au limekwenda huko.

Ombi si amri

Sasa fungua bahasha ya karatasi zako za siku ya kiapo. Mahakama nyingi humpa mtu nakala ya N-662 pamoja na cheti, na wengi wanayo bila kujua thamani yake, imekunjwa ndani ya bahasha pamoja na kibendera kidogo. Inaonyesha jina la zamani, jina jipya, na Namba A, ile inayoanza na herufi A ambayo pia iko kwenye grini kadi ya zamani.

Angalia sehemu ya chini. Kama ina saini ya jaji au karani na muhuri wa mahakama, unayo amri. Kama ina saini yako na ya ofisa wa uhamiaji tu, ulichonacho ni ombi ulilojaza siku ya usaili, na ombi halimbadilishi mtu jina. Tofauti hii inawaponza wengi, kwani karatasi mbili hizo zinafanana kwa kila kitu kasoro mistari ya mwisho. Benki isiyoangalia vizuri inaweza kuipokea. Wakili wa upande wa pili kwenye shauri la mirathi hataiacha ipite.

Kuna na hali hii: mtu alijaza N-662, kisha akapangiwa sherehe ya kiutawala badala ya ya mahakama, labda kwa kuwa aliomba tarehe ya karibu zaidi. Ombi lake halikumfikia jaji. Cheti kikatoka kwa jina la zamani, naye akaanza kulitumia jipya akidhani lilishapita. Huyo hajabadili jina. Akilitaka jina jipya, aende mahakama ya jimbo anakoishi, apate amri, kisha aombe cheti kipya cha uraia kwa fomu N-565.

Fomu hiyo ya N-565 inahitaji onyo. Inatumika kupata cheti kingine pale cha awali kinapopotea, kinapoharibika, au jina linapobadilika baada ya uraia. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, ada yake ni dola 555 kwa karatasi na dola 505 kwa mtandao. Watu huijaza wakitaka ushahidi wa jina, wakalipa, wakasubiri miezi, kisha wakaletewa cheti kinachofanana na kile walichokuwa nacho: jina jipya, bila la zamani. Ikiwa cheti chako kipo na kiko sahihi, achana nayo. Likiwa kosa ni la uchapaji la USCIS wenyewe, fomu ni hiyohiyo, ila ada hailipwi.

Kuandika kwa karani wa mahakama

Unachoomba ni nakala iliyothibitishwa ya ombi la kubadili jina lililokubaliwa siku ya kiapo chako. Usiombe "kumbukumbu zangu", utaletewa karatasi za kawaida zisizo na muhuri, nazo hazitafika popote huku.

Taja majina yote mawili kwa herufi kamili, la zamani likiandikwa kama lilivyokuwa kwenye grini kadi, hata kama limekosewa. Andika tarehe ya kuzaliwa, Namba A, namba ya cheti cha uraia, na tarehe na mahali pa kiapo. Tarehe ya kiapo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Watu mamia huapishwa siku moja, na karatasi zao zinaweza kuwa zimefungwa pamoja kwa sherehe badala ya kila mtu na jalada lake, kwa hiyo jina peke yake halimsaidii karani. Weka nakala ya kitambulisho chenye picha.

Kwa mahakama za shirikisho, viwango vilivyoanza Desemba 2023 ni dola 12 kwa kuthibitisha kila hati, senti 50 kwa ukurasa, na dola 34 kwa kutafuta jina kwenye kumbukumbu. Mahakama za majimbo zina viwango vyake. Ulizia kwanza, sababu bahasha yenye malipo pungufu hurudishwa ilivyo. Suala la malipo ndilo linalomkwamisha aliye Moshi: mahakama nyingi hazitaki hundi ya mtu binafsi, wala hakuna wa kupokea M-Pesa. Njia rahisi ni ndugu aliye huko kununua hawala ya posta ya Marekani na kuituma pamoja na barua yako iliyotiwa saini. Mwombe pia aweke bahasha ya kurudishia yenye anwani yake na stempu. Stempu za Posta ya Tanzania hazifanyi kazi kwenye sanduku la barua la Minnesota.

Agiza nakala tatu kwa mpigo. Moja itaingia kwenye jalada la mahakama huku na haitarudi, nyingine itazunguka ofisini, ya tatu ibaki nyumbani. Kuongeza nakala wakati karani ameshashika karatasi ni dola chache. Kuanza upya baada ya mwaka ni safari nzima tena.

Hukumbuki tarehe wala mahakama, na cheti kimepotea? Omba USCIS nakala ya faili lako lote la uhamiaji chini ya sheria yao ya uhuru wa habari. Ombi hufanywa mtandaoni, na ndani ya faili hilo mara nyingi utakuta N-662 na taarifa za sherehe. Nakala hizo hazina muhuri, kwa hiyo usizipeleke mahakamani kama ushahidi wa mwisho. Zitumie kujua uandikie wapi.

Mlolongo wa mihuri

Karatasi yenye muhuri wa mahakama ya Marekani inatosha ndani ya Marekani. Kwa matumizi rasmi ya Tanzania, ofisi ya huku inayo haki ya kuuliza muhuri huu ni wa nani. Nchi nyingi zimemaliza swali hilo kwa Mkataba wa Apostille wa 1961, ambapo cheti kimoja kinatosha. Tanzania haimo kwenye mkataba huo, kwa hiyo hati inapitia mkono kwa mkono mpaka ubalozini.

Kosa lenyewe ni hili: mtu anamwambia karani wa mahakama ya shirikisho anataka apostille, karani anaitoa bila kuuliza inaenda nchi gani, na mwenye hati anarudi Arusha akidhani amemaliza. Kwa hati ya mahakama ya shirikisho inayokuja Tanzania, saini ya karani huthibitishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, kisha ofisi ya uthibitishaji ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kwa fomu DS-4194 na ada ya dola 20 kwa hati, halafu Ubalozi wa Tanzania, Washington. Ukiruka hatua moja, inayofuata inakurudisha nyuma, kwani kila ofisi inathibitisha saini ya ofisi iliyotangulia na haiangalii yaliyoandikwa ndani.

Amri ya mahakama ya jimbo na cheti cha ndoa cha Marekani vina njia yake. Huanzia ofisi ya Katibu wa Jimbo lilikotoka hati, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Usizichanganye njia hizi mbili. Katibu wa Jimbo la Texas hawezi kuthibitisha hati ya mahakama ya shirikisho hata kama mahakama hiyo iko mtaa wa pili kutoka ofisini kwake.

Utahitaji pia nakala ya cheti cha uraia chenyewe. Kina onyo kwamba kukitoa nakala bila mamlaka halali ni kosa, na onyo hilo limewafanya watu wagombane na wenye stationery pale stendi. Nakala kwa shughuli halali haikatazwi. Nakala ya kupeleka nchi ya nje huthibitishwa na ofisi ya USCIS yenyewe kwa miadi, ukiwa na cheti halisi na nakala mkononi. Kwa hiyo ifanye kabla hujapanda ndege. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam unaweza kushuhudia saini yako kwenye kiapo, dola 50 kwa muhuri, lakini hauthibitishi hati za umma za Marekani, na watu wamesafiri usiku kucha kutoka Arusha kwenda kulijua hilo dirishani.

Hati ikishafika huku

Ofisi hazidai kitu kilekile. Benki nyingi zitaridhika na amri yenye muhuri wa mahakama, pasipoti na kiapo. Mahakama inataka zaidi: Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ina utaratibu wake wa kupokea hati za umma za nchi za nje, na msingi wake ni nakala iliyothibitishwa na mtunzaji halali wa hati. Ndiyo sababu tunasisitiza nakala ya karani na si picha ya simu. Shauri likiwa Mahakama ya Mwanzo, shughuli zote ni kwa Kiswahili, hivyo andaa tafsiri. BAKITA hutoa huduma hiyo, na tafsiri yenye muhuri wake haizui maswali kama ile ya kijana wa steshenari.

Sasa kiapo. Wakili au kamishna wa viapo, na Moshi wamejaa jirani na mahakama, ataandika kiapo cha majina kinachosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja. Kiapo kizuri kinataja kila jina kama lilivyoandikwa na kinaonyesha liko kwenye hati gani: jina hili kwenye cheti cha kuzaliwa, hili kwenye cheti cha kidato cha nne, hili kwenye grini kadi, hili kwenye cheti cha uraia. Herufi moja ikitofautiana, itajwe. Kisha kinaeleza jina lilibadilishwa lini, na mahakama gani, na amri inaambatanishwa. Kiapo kinachosema tu "najulikana kwa majina mawili" bila hati nyuma yake ni neno la mtu kuhusu nafsi yake, na kwenye mirathi yenye ugomvi halibebi mzigo. Kwa yule wa njia ya nne, asiye na amri, kiapo ndicho kila kitu, kwa hiyo akitilie nguvu: kiapo cha pili cha mzee wa ukoo aliyemjua tangu utotoni, barua ya mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, na pasipoti ya zamani ya Tanzania yenye picha na viza ya Marekani ndani yake. Pasipoti hiyo, kama unayo nakala yake, ina thamani kuliko barua tatu, maana inaunganisha jina la nyumbani na safari yenyewe.

Utashauriwa na watu wema kufanya "deed poll" hapa Arusha ili majina yalingane. Usikubali upesi. Hati ya namna hiyo ni ya kubadili jina kuanzia siku unapoisaini. Wewe ulishabadili, miaka kumi iliyopita pengine, na unachotaka ni kuonyesha jambo lililokwishafanyika. Ukisaini nyingine leo, unakuwa na mabadiliko mawili yenye tarehe mbili, na mtu akiuliza ulikuwa nani katikati ya tarehe hizo, huna jibu fupi.

Wala usihangaike kubadilisha cheti cha kuzaliwa cha RITA. Kinatakiwa kionyeshe jina ulilozaliwa nalo, na ndicho kiungo cha kwanza cha mnyororo. Vyeti vya shule navyo viache vilivyo.

Jambo moja halikwepeki. Hati inayothibitisha kwamba wewe ndiye yule wa zamani inathibitisha pia kwamba umechukua uraia wa nchi nyingine. Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na aliyejipatia wa nje kwa hiari amepoteza wa hapa. Kitambulisho cha NIDA cha raia kilichobaki kabatini kwa mama si chako tena kukitumia, hata kama kina jina zuri la zamani linalofanana na la kwenye muhtasari wa ukoo. Na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamzuia asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Marekebisho ya sheria ya 2025 yameanzisha hadhi maalum kwa raia wa nje wenye asili ya Tanzania, nayo yamegusa Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi pia. Mwenye kihamba mezani amwone wakili kuhusu hadhi hiyo kabla ya kupeleka hati za jina, si baada. Tunasema hivi kwa sababu tumezoea kuona mambo mawili yakifungwa kwenye furushi moja: la jina linaisha vizuri, la ardhi linaibuka siku hiyohiyo, na ndugu waliokuwa kimya wanapata la kusema.

Karani akijibu kwamba hakuna kitu

Usikate tamaa kwa jibu la kwanza. Mara nyingi wametafuta kwa jina jipya wakati orodha ya siku ile iliandikwa la zamani, au kinyume chake. Waombe watafute kwa yote mawili na kwa Namba A. Kisha rudi kwenye cheti na uhakikishe mahakama. Kisha uliza kama kumbukumbu za mwaka huo zimehamishwa, na wapi. Ikibaki hivyo, omba barua rasmi inayosema wametafuta na hawakupata. Barua hiyo ikiambatana na nakala za faili la USCIS na kiapo chako, inaeleza kwa nini huna amri, na hakimu ana kitu cha kushika.

Watoto wana hesabu yao. Mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi na mzazi na yuko chini ya ulezi wake, hupata uraia wenyewe mzazi anapoapa, lakini jina la mzazi likibadilika siku hiyo, la mtoto halibadiliki. N-662 ya baba ni ya baba peke yake. Familia nyingi hulitambua hili mtoto anapoombewa pasipoti: baba ni Lyimo, mtoto bado ana jina la babu kama la mwisho, na cheti cha kuzaliwa cha hospitali ya Mawenzi, Moshi, kinamtaja baba kwa jina ambalo halipo kwenye hati yoyote ya Marekani. Kwa pasipoti, amri ya baba ikiambatanishwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto inaonyesha uhusiano wao. Kwa kubadili jina la mtoto lenyewe, ni mahakama ya jimbo wanakoishi, na kwa kawaida wazazi wote wawili huhusishwa. Mama akiwa bado yuko Moshi, idhini yake iandikwe na ishuhudiwe kabla baba hajafungua shauri.